Chafya ya Mwezi wa Sita

Jumatatu, 28 Aprili

Shule zimefunguliwa, na mvua nayo haijangoja. Wendy aliingia alasiri amebeba viatu mkononi, tope limempanda hadi magotini, akasema kabla hata ya kunisalimu mimi babu yake, "Kuka, tumepewa kazi ya nomino za Kiingereza. Za kawaida na za pekee." Yuko gredi ya nne sasa. Nilimpa kiti, mimi nikakaa kitandani, nikamweleza kama nilivyowaeleza watoto wa Lugari kwa miaka mingi: kuna neno linalotosha vitu vyote vya aina moja, na kuna neno ambalo ni la kimoja tu. *River* ni mto wowote. Isiukhu ni mmoja. *Market* ni soko lolote, hata la huko ambako hutawahi kufika. Mayoni ni Mayoni. Hili la pili hupewa herufi kubwa popote litakapokaa katika sentensi.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Kwa sababu ukilipoteza hulipati kwa mwingine."

Sijui kama jibu hilo limo katika vitabu vya siku hizi. Aliandika vizuri. Tracy, mama yake, alipita kumchukua jioni alipotoka ofisini, akiwa ameshika kiuno. Ana mimba kubwa, na anapanda ngazi zangu kama anayepanda mlima. Ameniomba tena nihamie kwao Amalemba. Nimekataa tena. Kwetu mzazi halali nyumba ya mkwewe. Weldon, mume wake, husema yeye hajali. Mimi najali. Nimepoteza mengi, na mila ni kati ya vichache nilivyotoka navyo.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua. Wendy alipata zote sahihi.

Jumatatu, 5 Mei

Mama yake Weldon amekuja kutoka Nandi. Tracy aliniarifu kwa simu, sauti yake ikiwa nyepesi kama ya msichana. Bibi huyo amekuja na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya mgando, kuku wawili na sanduku, na atakaa mpaka Tracy ajifungue na apate nguvu. Yeye ni mama mzaa mume, hakuna mila inayomkataza kulala pale. Amepewa chumba cha nyuma, kile chenye dirisha la kutazama mgomba.

Kwa kuwa sasa kuna mtu nyumbani mchana kutwa, boda itakuwa inamchukua Wendy langoni pa shule. "Utapumzika kidogo, Baba," Tracy alisema.

Jumanne, 6 Mei

Wendy hakuja.

Jumatano, 7 Mei

Hakuja. Nilisoma gazeti lote, na matangazo ya vifo.

Ijumaa, 9 Mei

Nilikwenda Amalemba mwenyewe. Nilikaa kwenye veranda kama kawaida yangu, chai ikaletwa. Mgeni alitoka kunisalimu. Nilimwona mara ya mwisho siku ya harusi. Ni mwanamke mrefu, mweusi, nesi mstaafu, hucheka kwa sauti ya mtu aliyezoea kuwatuliza wagonjwa wasiotaka sindano. Jina lake Jeruto. Alinishika mkono kwa mikono yote miwili, akaniuliza habari ya kifua changu, na kabla sijajibu alikuwa amesikiliza pumzi yangu na kujijibu mwenyewe.

Wendy alikuwa jikoni naye. Nilimsikia akicheka. Chumbani kwangu hachekagi hivyo. Kwangu huwa anasoma.

Hayo ningeyavumilia. Lakini Tracy aliita kutoka chumbani, "Mama, ile dawa iko wapi?" Nikageuka. Ni zaidi ya miaka ishirini tangu nisikie binti yangu akiita neno hilo, na mwili wangu uligeuka kabla ya akili. Aliyeitikia ni Jeruto.

Mke wangu alifariki tukiwa bado shambani karibu na Chekalini, tukamzika nyuma ya nyumba, upande wa mahindi. Nilishukuru alipumzishwa kwake. Halafu zikaja ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, nyumba ikachomwa, nikatoka na mkoba wa vitabu. Shamba lina mwenyewe mwingine leo. Nasikia amelima mpaka ukutani. Kaburi halikuwa na saruji, kwa hiyo sijui ukuta upi, na huenda jembe limepita juu yake.

Niliondoka bila kumaliza chai.

Jumanne, 13 Mei

Wendy amekuja! Boda ilipata pancha. Nilifurahi kupita kiasi, nikamnunulia mandazi, kisha nikaharibu kila kitu.

Alikuwa na insha fupi ya Kiingereza kuhusu jamaa zake, atie herufi kubwa panapostahili. Alikuwa ameandika kwamba Gogo, yaani bibi yake wa Nandi, humsimulia hadithi, Gogo anajua majina ya watu wote waliokufa, Gogo ana mikono yenye joto. Chini kabisa: *my kuka teaches me English*. Gogo kwa herufi kubwa mara tatu. Kuka kwa herufi ndogo mara moja.

Kila neno lilikuwa sahihi. Neno la ukoo likisimama mahali pa jina la mtu hupata herufi kubwa. Likitanguliwa na *my* hurudi kuwa la kawaida. Nimeifundisha kanuni hiyo maisha yangu yote. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaikata herufi kubwa ya Gogo, mara tatu, nikaandika ndogo juu yake.

Wendy alitazama. "Lakini Kuka, ulisema..."

"Gogo ni bibi yeyote. Si jina."

Alifunga daftari. Kisha, kwa kuwa ana moyo mwema, akanisimulia ili niache kununa: Gogo anamfundisha majina ya wanawake wa kwao waliokufa, kwa sababu mtoto akizaliwa ataitiwa majina hayo moja moja mpaka apige chafya. Jina litakalopata chafya ndilo lake. Gogo anatamani liwe Tapsubei, mama yake mzazi, ambaye hakuna mjukuu aliyewahi kuchukua jina lake.

"Na mkimaliza hayo?" niliuliza.

"Hayaishi. Ni mengi sana."

Jumatano, 14 Mei

Hakuja.

Jumamosi, 17 Mei

Weldon alinitembelea. Alisimama mlangoni na mfuko wa sukari na majani ya chai, kofia mkononi. Ni kijana wa heshima, hata simu yake huizima akiwa mbele yangu.

"Baba, mwalimu wa Wendy alishangaa kidogo na ile alama nyekundu."

"Mwalimu wake ni nani?"

"Anaitwa Clifford. Amesema mtoto alikuwa sahihi. Lakini akamwambia huenda Kuka hakuwa amevaa miwani."

Nilimshukuru Clifford huyo moyoni na kumchukia papo hapo. Nikauliza lililoniletea usingizi mbaya. "Kuhusu jina la mtoto. Wa kwanza mlimwita Chepng'etich, upande wenu, na ndivyo inavyostahili. Nilidhani wa pili atatoka kwetu. Nilidhani ni jambo lililoeleweka."

Weldon aliizungusha kofia. "Hilo, Baba, siwezi kulisemea. Kwetu ni kazi ya akina mama. Mimi nitakuwa jikoni nikichemsha chai."

Nafikiri alisema kweli. Nafikiri pia anamwogopa mama yake, jambo ambalo ningelisifu katika siku nyingine yoyote.

Nitaandika wazi ninachotaka, ili nisije nikajidanganya. Mke wangu hana kaburi ninaloweza kulipalilia. Picha zake ziliungua. Jina lake likikaa kwa mtoto huyu, litaitwa kila asubuhi katika nyumba moja hapa duniani. Lisipokaa, nikifa mimi limekwisha. Tracy hatazaa tena, daktari amemwambia.

Jumamosi, 24 Mei

Tumegombana, au tulikaribia. Sina hakika, kwa sababu mwenzangu alicheka karibu wakati wote.

Nilikuwa verandani. Mvua ilikuwa ya upepo. Jeruto alitokeza kichwa mlangoni.

"Mwalimu, ingia ndani. Unakaa huko nje kama askari wa benki."

"Hapa panatosha, Mama Weldon."

"Mvua inakunyeshea mguu."

"Ni mguu wangu."

Alicheka, akarudi ndani, akatoka na kigoda, akaketi upande ule ule wenye mvua. Sasa tulikuwa tunalowa wawili. Alikuwa na bakuli la mboga za kuchambua, kunde, na aliendelea kuzichambua.

"Nasikia kuna majina yanatayarishwa," nilisema.

"Yapo. Sisi tuna wafu wengi."

"Hata sisi tunao."

"Sijakataa."

"Mtoto wa kwanza alichukua jina la kwenu. Sikusema neno."

"Ulinuna mwaka mzima. Weldon aliniambia." Alitupa kikonyo kwenye mvua. "Kwetu mtoto hapewi jina, Mwalimu. Anaulizwa. Unataja mmoja, unangoja. Unataja mwingine, unangoja. Akipiga chafya, basi ni huyo amerudi."

"Na mkitaja wa kwenu peke yao, atampigia chafya nani mwingine?"

Mikono yake ilisimama. "Hapo umesema," alijibu, kisha ikaendelea. "Na nyinyi mnafanyanga aje?"

"Mtoto akilia bila sababu, tunamwitia waliotangulia. Akinyamaza kwa mmoja, ndiye."

"Basi ni kitu kimoja. Nyinyi mnangoja anyamaze, sisi tunangoja apige kelele. Haya, wewe unataka aitwe nani?"

"Mama Tracy."

"Mama Tracy nani?"

"Mke wangu. Unajua ni nani."

"Mimi najua. Mtoto atajuaje? Huko waliko kuna akina mama Tracy wengi. Aliitwa nani?"

Nilitazama mguu wangu uliolowa. Si kwamba nililisahau. Siku nilipomwoa nilianza kumwita Omutsotso, kwa jina la watu wa baba yake, na Tracy alipozaliwa nikamwita Mama Tracy mpaka siku ya mwisho. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa la mama yake, la mchungaji na la karani wa chifu. Mume anayelitaja jina la mkewe kwa mdomo, kwetu, ni kama anayemwita mtoto aliyetumwa dukani. Nilimheshimu kwa kutolitaja. Sasa mwanamke huyu aliniuliza kama anayeuliza bei ya nyanya.

Nikakasirika, na nilipokasirika nilitoa swali jingine, lile ambalo nimelifungia miaka hii yote nikimwona Weldon. "Januari ile, mambo yalipochafuka, wewe ulikuwa wapi?"

Hakucheka. "Zahanati. Nikishona watu. Wa kwenu na wa kwetu, waliletwa kwa mkokoteni mmoja. Unataka nikutajie majina yao pia?"

"Hapana."

"Vizuri. Maana hayo ninayakumbuka vizuri kuliko ya bibi zangu."

Aliinuka na bakuli. Mlangoni akageuka. "Tracy aliniambia mama yake aliitwa nani. Nilitaka tu kulisikia kwako."

Jumanne, 27 Mei

Isiukhu imefurika. Chumba kinavuja juu ya rafu ya vitabu, nimehamisha kamusi.

Jumapili, 1 Juni

Sikukuu ya Madaraka. Redio ya jirani imepiga bendi mchana kutwa. Baada ya kanisa niliiona familia yote kwa mbali upande wa pili wa barabara, Jeruto katikati, Tracy amemwegemea bega, Wendy ameshika mkoba wake. Walionekana kama watu waliokamilika. Nilijifanya natafuta kitu mfukoni mpaka walipopita.

Ijumaa, 6 Juni

Wendy alikuja, safari hii kwa kutumwa. Alileta hotpot: obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwetu, na mchuzi wake umefungwa kando usimwagike.

"Nani amepika?"

"Gogo. Amesema ati kifua chako kinataka supu."

"Mwambie asante. Mwambie kwetu kuku huchomwa kidogo kwanza, ndipo apikwe."

"Amechoma, Kuka. Mama alimwonyesha."

Nilionja nikitafuta kosa. Chumvi ilikuwa sawa. Nyama ilikuwa inaachia mfupa. Nilikula yote, na mchuzi nikaunywa kwenye kifuniko, huku nikijihurumia.

Kisha nilimwambia Wendy alete daftari. Niliziandika upya zile herufi kubwa, mara tatu, kwa wino wa buluu, nikatia saini pembeni kama inavyotakiwa mwalimu anaporekebisha alama. Alizitazama, akapuliza wino ukauke. Alikaa mpaka giza lilipoanza kuingia, na boda ililazimika kumngoja.

Jumanne, 10 Juni

Msichana! Weldon alipiga simu kutoka hospitalini, kwanza akalia, halafu akaniambia uzito wa mtoto. Tracy hajambo. Nilikwenda dirishani nikasimama tu.

Jumamosi, 14 Juni

Nimerudi sasa hivi. Nguo zimelowa, nitaandika kabla sijabadili.

Mtoto aliletwa nyumbani jana, na leo ndiyo iliyokuwa siku ya kuita. Nilifika mapema, nikakaa verandani. Majirani wawili wa Kinandi walikuja na leso zao nzuri, wakaniamkia kwa adabu, wakaingia. Weldon aliingia jikoni kama alivyoahidi. Mvua ilianza kupiga mabati, na baada ya muda nikatambua kwamba sitasikia hata jina moja. Nilivua viatu. Nilisimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, kisha, kwa kuwa hakuna aliyenitazama, nikaingiza wa pili na kuegemea ukuta karibu na dirisha.

Tracy alikuwa kwenye kochi, amechoka, amependeza. Jirani mmoja alitoa kikopo cha ugoro kwenye mkoba.

"Hapana," Tracy alisema. "Mama, hapana. Mapafu yake bado hayajakomaa."

"Mimi nesi mzima, nimtie mtoto ugoro?" Jeruto akacheka, akakirudisha kikopo kwa mwenyewe. "Weka utumie wewe. Huyu atapiga akitaka."

Alimchukua mtoto akasogea kwenye mwanga. Alikuwa amebadilika, hakuwa tena yule wa kutania. Alianza kutaja. Chebet. Akangoja. Cherono. Akangoja. Mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo. Wendy alisimama karibu na goti la bibi yake, midomo yake ikitangulia kila jina, kwa kuwa aliyajua yote kwa mpangilio. Nilihesabu kwa hasira kwanza, kisha nikaacha kuhesabu. Ilikuwa kama kusikiliza mtu akipita nyumba baada ya nyumba akibisha hodi.

Alipofika Tapsubei sauti yake ilishuka. Alingoja hapo muda mrefu kuliko kwingine kote. Alilitaja tena. Mtoto alikunja uso, na sitaficha kwamba niliomba asipige. Niliomba mtoto mchanga akose pumzi ya chafya, ili mwanamke mzee akose mama yake. Mtoto alinyoosha uso, akaendelea kulala.

Majina yalikwisha. Kumbe yanaisha.

Jeruto aliinua kichwa. "Mwalimu," alisema, kana kwamba nilikuwa nimekaa pale tangu zamani. "Wa kwako."

Wote waligeuka. Nilisonga hatua moja. Nilisema, "Mama Tracy."

Jirani mmoja alicheka, si kwa ubaya. "Mama Tracy gani sasa? Tracy si ndiye huyu ameketi hapa?"

"Kuka," Wendy akanong'ona, "sema ile ya pekee."

Nililijua. Lilikuwa pale, kwenye ulimi, safi kama siku mchungaji alipolisoma. Nilifungua mdomo. Nimesimama mbele ya madarasa, mbele ya wakaguzi, mbele ya vijana wenye mapanga walioniambia nichague kati ya nyumba na shingo, na sauti haikuwahi kunitoroka. Leo ilinitoroka. 

Jeruto alinitazama kidogo. Kisha akawageuzia wengine mgongo, akaelekea dirishani, akavuta ncha ya leso karibu na uso wa mtoto, kama anayemkinga upepo.

"Awinja," alisema.

Mtoto akapiga chafya.

Nyumba ililipuka kwa vigelegele. Tracy alilia akiwa ameziba uso kwa mikono yote miwili. Weldon alitoka jikoni na sufuria mkononi akiuliza nini, nini. Wendy alinikumbatia kiunoni. Watu walinishika mkono, wakanipongeza, na mimi nikapongezeka.

Jumapili, 15 Juni

Jana sikuandika nilichokiona.

Nilikuwa mimi peke yangu upande wa dirisha. Wengine waliona mgongo. Mimi niliona mkono wa Jeruto. Ile ncha ya leso ilikuwa imesokotwa kama utambi, na ilikuwa imeingia puani mwa mtoto kabla jina halijaisha kutamkwa.

Nimelitazama jambo hili kutoka kila upande, kama ninavyotazama sentensi ngumu. Alikuwa na leso ile ile alipomtaja Tapsubei. Angeweza. Alingoja mara mbili, mikono imetulia, kwa haki kabisa, na mama yake hakuja. Alipofika kwa mke wangu hakungoja hata pumzi moja.

Nikimshukuru, nitakuwa nimesema kwamba mtoto hakuchagua, na jina litakuwa limepachikwa tu. Nikinyamaza, nitakuwa na deni kwa mtu nisiyempenda. Nimejiuliza kama ningefanya hivyo kwa Tapsubei, iwapo leso ingekuwa mkononi mwangu. Nimelijua jibu kabla sijamaliza kuuliza.

Nilichotaka nimekipata. Kwa nini basi ninamwonea wivu zaidi ya juzi?

Ijumaa, 20 Juni

Nilikaa verandani kuanzia asubuhi. Kutoka ndani nilisikia: "Awinja, nyamaza, maji si moto." "Awinja, umekojoa tena, wewe ni mto gani?" "Awinja, mwambie mama yako ale uji." Jeruto analitamka kwa lafudhi yake, akivuta silabi ya katikati. Analisema akiwa na sabuni mkononi, akiwa anapiga miayo. Kila mara linapotajwa mimi hukaa wima kwenye kiti, na hakuna anayeniita.

Mimi bado nasema "mtoto". "Mtoto amelala?" "Mtoto amekula?" Wendy amegundua. Hunitazama, halafu hutazama pembeni, kama nilivyokuwa nikiwatazama wanafunzi waliojua jibu na kukataa kuinua mkono.

Jumamosi, 28 Juni

Mvua inapungua. Tracy anatembea vizuri sasa. Jeruto amesema atarudi kwao kabla ya wiki ijayo kuisha, kuna mahindi ya kupalilia. Nilingoja nifurahi. Nilinunua hata nusu kilo ya nyama, nikaipika, nikaila peke yangu nikisikiliza redio.

Ijumaa, 4 Julai

Ameondoka leo. Nilikwenda kumuaga, nikidhani nitakaa muda mfupi. Weldon alikuwa akipanga mizigo garini, na Wendy alikuwa ameruhusiwa kuchelewa shule ili amsindikize hadi stendi.

Jeruto alikuja verandani na mtoto begani.

"Mwalimu, hukuja kuniaga jana."

"Nimekuja leo."

"Kifua?"

"Kimepona. Supu ilisaidia."

"Nilijua." Alitazama njia, tope lilikuwa limeanza kukauka na kufanya nyufa. Kisha, bila kunigeukia, "Siku ile uliona?"

"Niliona nini?"

"Mvua," alisema. "Ilivyonyesha."

"Niliiona."

"Ilikuwa nzuri."

"Ilikuwa nzuri sana, Jeruto."

Sijawahi kumwita hivyo mbele yake. Si adabu kati ya wakwe. Hakunisahihisha. Aliniwekea mtoto mikononi, akanionyesha jinsi ya kushika shingo, ingawa nilimlea Tracy na najua kushika shingo.

"Akilia, usimtikise," alisema. "Mwite."

"Na Tapsubei?"

Alijifunga leso vizuri, akafikiri. "Kuna binti yangu mwingine huko, ameolewa mwaka jana. Nitangoja. Sisi tunajua kungoja." Akacheka kile kicheko chake cha zahanati, akapanda gari. Wendy alipunga mkono dirishani mpaka walipokata kona. Alikuwa akimpungia mtoto, si mimi. Labda sote wawili.

Tracy alikuwa bafuni. Nilisimama na mtoto verandani, na mara alifungua macho, akatafuta ule uso aliouzoea, akauona huu wangu. Akaanza kulia. Si kilio cha njaa, nakijua cha njaa. Alikuwa akimlilia yeye. Aligeuza kichwa kuelekea barabarani, au ndivyo nilivyoona kwa macho yangu yenye wivu.

Nilimbembeleza kwa kumwita mtoto. Nikamwita mama. Nikamwita mjukuu wangu. Alilia zaidi. Mwanamke wa nyumba ya pili alitoka na ndoo, akasimama kutazama kama mzee huyu anahitaji msaada.

"Awinja," nikasema.

Hakunyamaza. Sauti yangu ilikuwa ya kukwaruza, na niliitoa kidogo sana, kama mtu anayeita asisikike. Jirani aliweka ndoo chini.

"Awinja," nikasema tena, kwa sauti ya darasani.